Naombeni ushauri, nikikimbia wanavyosema naumia, nikikimbia nilivyozoea niko poa

Wakuu habari za asubuhi. Nina miaka 38, nipo Dar, nimejiandikisha kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi. Mwanzo nilikuwa nakimbia zangu mdogo mdogo siku tatu kwa wiki, natua na kisigino, sijawahi kuumwa. Nikaingia kikundi cha jogging wakaniambia nakosea kila kitu, tua na vidole, hatua 180 kwa dakika, kimbia kila siku, usile kabla. Nimefuata wiki tano, sasa asubuhi nikishuka ngazi nashika ukuta, ugoko wa kulia una sehemu ndogo kama sarafu nikiigusa na kidole inauma balaa. Mwili unazoea au nimeingizwa chaka?

Raba Kuukuu: Pole mkuu. Acha kukimbia leo. Maumivu ya sehemu moja hivyo yanaweza kuwa mfupa umeanza ufa, nenda hospitali, na uwaambie vizuri maana eksirei ya mwanzoni inaweza isionyeshe kitu.

Mtu wa Pwani: Hiyo 180 ilianzia kwa kocha Jack Daniels, alihesabu hatua za wanariadha Olimpiki ya Los Angeles 1984, watu wako mashindanoni wanakata upepo, wewe unajogi Coco Beach unaigaje? Na kutua na vidole hakuondoi mzigo, kunauhamishia kwenye kigimbi na kano ya kisigino.

Mama Wawili: Mimi nisipokula ndizi moja kilomita ya nne naona giza, shoga yangu akila hata biskuti anatapika, na tunakimbia wote kila Jumamosi!

Mzee wa Tizi: Kila mtu na mbio zake. Mwanariadha wetu Filbert Bayi, Michezo ya Jumuiya ya Madola 1974 kule Christchurch, New Zealand, wenzake wanajibanza nyuma wangoje mzunguko wa mwisho, yeye kaongoza tangu mwanzo, mita 1500 kwa dakika 3:32.2, rekodi ya dunia. Ila mdogo wangu, usiseme ushauri wote mbovu. Umebadilisha vitu vinne kwa mpigo, utajuaje kipi kimekuumiza? Badilisha kimoja, kaa nacho wiki kadhaa, sikiliza mguu.

Mleta uzi: Nashukuru sana wakuu. Nimetoka hospitali, ni ufa kweli, wiki sita bila kukimbia. Imeniuma, tiketi ya Moshi nilishakata. Nikipona narudi na siku zangu tatu na kisigino changu, ndizi ya Mama Wawili nitaijaribu. Daktari kasema naweza kuogelea, kuna aliyewahi kutunza pumzi kwa kuogelea tu? Alikuwa anaogelea muda gani kwa siku?