Uzamili kwa muuguzi anayetaka kufundisha au kuongoza: ipi kati ya njia hizi nne?

Binti Singida

Habari za kazi, wadau. Nina shahada ya kwanza ya uuguzi na ninaongoza wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya. Ninakusudia kusoma shahada ya uzamili ili baadaye niwe mwalimu wa wauguzi au niingie katika uongozi wa huduma za uuguzi, na mpaka sasa moyo wangu uko pande zote mbili. Nimekusanya maelezo ya njia nne, nami naomba wenye uzoefu mnisaidie kuzipima kwa kuangalia kazi inayopatikana baada ya masomo, wala si jina la chuo peke yake.

Njia ya kwanza ni uzamili wa uuguzi pale MUHAS, yaani Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambako michepuo niliyoiona ni ya huduma kwa mgonjwa: wagonjwa mahututi na majeruhi, afya ya akili, na ukunga na afya ya wanawake. Ya pili ni uzamili wa sera na uongozi wa afya, hapo hapo MUHAS, au ule wa afya ya jamii ambao una mkondo uliopangwa kwa ajili ya watu walio kazini. Ya tatu ni uzamili wa elimu katika Chuo Kikuu Huria, upande wa utawala, mipango na sera, ambao ningeusoma bila kuacha wodi. Ya nne ni Chuo Kikuu cha Rwanda, ambako uzamili wa uuguzi una mchepuo unaobeba elimu, uongozi na usimamizi kwa pamoja, na kwa maelezo yake ndio unaofanana zaidi na ninachokitafuta.

Mkufunzi wa Ziwa

Dada, kabla ya kulinganisha vyuo, tenganisha kwanza unataka kufundisha wapi, kwa kuwa vyuo vya kati na vyuo vikuu vina milango tofauti na walinzi tofauti. Vyuo vya kati, vinavyotoa astashahada na stashahada ya uuguzi na ukunga, viko chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, ile iliyoitwa NACTE hadi mwaka 2021. Huko shahada ya kwanza uliyonayo tayari inakuwezesha kuwa mkufunzi, na kinachokosekana kwa wengi wetu ni ualimu wenyewe, yaani kuandaa somo, kutunga mtihani unaopima kile ulichokifundisha, na kumsimamia mwanafunzi wodini bila kumfanyia kazi yake. Kwa hilo kuna CEDHA, kituo cha kuendeleza elimu ya afya pale Arusha, ambacho kimewaandaa walimu wengi wa kada za afya nchini, na sioni sababu ya mtu kutumia miaka miwili ya uzamili kutafuta kitu ambacho angekipata huko kwa muda mfupi zaidi.

Chuo kikuu ni habari nyingine. Nafasi ya mhadhiri msaidizi hudai uzamili katika fani husika, na idara ya uuguzi inapotazama maombi huanza kwa kuuliza kama uzamili huo ni wa uuguzi. Wastani wa alama za shahada ya kwanza nao hutazamwa, kwa hiyo uzamili mzuri haufuti alama dhaifu za mwanzo. Uzamili wa elimu peke yake ni shahada ya heshima, lakini kwa idara hiyo utakuwa mgeni mwenye kadi ya harusi ya jirani.

Metroni Mstaafu

Mwanangu, mimi nitasema ya uongozi, kwa sababu huko ndiko nilikomalizia utumishi. Usidhani uzamili wa uongozi unakupa ofisi. Nafasi ya muuguzi mfawidhi wa hospitali, au ya muuguzi anayesimamia huduma katika timu ya afya ya halmashauri, ni ya kuteuliwa, na anayekuteua humtazama mtu aliyewahi kuiendesha wodi ikatulia. Hata hivyo sitaki kusema kwamba masomo hayo hayana maana, maana nimewaona viongozi wazuri wa wodi wakishindwa mara tu walipopewa hospitali nzima, na walichokosa ni hesabu.

Chukua ratiba ya zamu, ambayo wengi huiona kama kazi ya penseli na kifutio. Wiki ina saa 168. Muuguzi anayefanya kazi saa 40 kwa wiki hawezi kuziba pengo moja la usiku na mchana. Unahitaji wauguzi wanne na ziada kwa kila nafasi moja isiyoruhusiwa kuachwa wazi, na hapo hujagusa likizo ya mwaka, wala likizo ya uzazi ya siku 84, wala yule aliyeitwa semina bila kukuarifu. Wodi ya wazazi inayohitaji wakunga watatu kila saa inahitaji watu wasiopungua 13 katika orodha, nawe pengine umepewa saba. Kiongozi asiyeijua hesabu hii atalalamika kwa mganga mfawidhi kwamba watu hawatoshi, naye atajibiwa kwamba hawatoshi kila mahali. Anayeijua ataipeleka katika karatasi, kwa njia ile ya Shirika la Afya Duniani ya kupima mahitaji ya watumishi kwa mzigo wa kazi, maarufu kama WISN, na mazungumzo yatabadilika, ingawa watumishi hawataletwa kesho yake.

Hayo ndiyo yanayofundishwa katika uzamili wa sera na uongozi: bajeti, rasilimali watu, ugavi wa dawa na vifaa, mfumo wa bima. Ni elimu yenye faida kwa aliye tayari kazini. Ukiichukua ukiwa bado kijana katika kada, hakikisha hukai mbali na mgonjwa.

Mhadhiri wa Ukunga

Nakubaliana na Mkufunzi kuhusu milango, ila sikubaliani na fikra kwamba ualimu wa uuguzi ni mbinu za kufundishia tu. Nitatoa mfano kutoka wodi hiyo hiyo anayoiongoza mwuliza swali.

Kwa miaka mingi tuliwafundisha wanafunzi kuanza kujaza patografu, ile fomu ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, njia ya uzazi inapofunguka sentimita 4, kisha kutarajia mama aendelee kwa sentimita moja kila saa, na mstari wa tahadhari ukiguswa waite msaada. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 yaliusogeza mwanzo wa uchungu wa kasi hadi sentimita 5, na yakasema kwamba kasi ya sentimita moja kwa saa isitumike tena kuamua nani aongezewe uchungu. Mwaka 2020 ukatoka mwongozo mpya wa kumhudumia mama katika uchungu, wenye fomu isiyo na mistari ile ya mshazari. Sasa mwanafunzi amesimama kando ya kitanda na fomu ya zamani mkononi, kwa sababu ndiyo iliyopo wodini, mkunga wa zamu anamwelekeza kwa mazoea ya zamani, na darasani amesoma mapya. Anamgeukia mwalimu wake. Mwalimu aliyesoma nadharia za ujifunzaji peke yake atamwambia afuate utaratibu wa wodi. Aliyebobea katika ukunga atamweleza kwa nini mstari uliondolewa, ni mama gani anayeumizwa na haraka, na ni dalili zipi ambazo hazingoji fomu yoyote.

Kwa hiyo, kwa anayetaka kufundisha chuo kikuu, ninapendekeza mchepuo wa ukunga kwanza na ualimu baadaye. Shirika la Afya Duniani lilipotoa umahiri wa msingi wa mwalimu wa uuguzi mwaka 2016, nadharia za kujifunza na mitaala zilitajwa, lakini uwezo wa kiuguzi wa mwalimu mwenyewe nao uliwekwa humo kama umahiri unaojitegemea.

Mwanakigali

Naona njia ya nne imeachwa peke yake, nami niko Kigali. Chuo Kikuu cha Rwanda kilianza kupokea wanafunzi wa uzamili wa uuguzi mwaka 2015, wakati wa mpango wa kukuza rasilimali watu katika afya ulioanza mwaka 2012, ambao uliwaleta walimu kutoka vyuo vya Marekani kufundisha bega kwa bega na walimu wa hapa. Mchepuo wa elimu, uongozi na usimamizi ulibuniwa kwa ajili ya mtu wa namna yako, ambaye kesho anaweza kupewa chuo na keshokutwa hospitali. Nguvu yake ni kwamba unabaki kuwa uzamili wa uuguzi. Udhaifu wake, na hapa Mhadhiri ana hoja, ni kwamba hautakufanya mbobezi wa ukunga. Masomo ni kwa Kiingereza. Ukirudi nyumbani itakubidi upeleke vyeti TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, vitambuliwe, jambo ambalo ni vema ukaliulizia kabla ya kulipa ada.

Wa Eldoret

Kwa upande wa Kenya nitaongeza jambo moja tu, kwa kuwa ndugu hapo juu wamezungumza kana kwamba uongozi hujifunzwa kwa shahada au kwa uzoefu peke yake. Huduma za afya zilipogatuliwa kufuatia Katiba ya 2010, na kaunti 47 zikaanza kazi mwaka 2013, nafasi za usimamizi ziliongezeka karibu na wananchi, na matangazo ya nafasi hizo hutaja mara kwa mara kozi ya usimamizi isiyopungua wiki nne, ile inayotolewa na Kenya School of Government, kando ya shahada. Muuguzi mwenye uzamili asiye na cheti hicho huachwa nyuma na mwenzake aliye nacho. Sijui kama kwenu kuna kitu kama hicho.

Metroni Mstaafu

Kipo, ndugu wa Eldoret. Chuo cha Utumishi wa Umma hutoa kozi fupi, na kuna Taasisi ya UONGOZI iliyoanzishwa mwaka 2010. Tatizo letu ni kwamba wauguzi wengi hudhani kozi hizo ni za makatibu tawala.

Nesi wa Minnesota

Niruhusuni niwatoe nje kidogo, kwa sababu wengi hunitumia ujumbe wakiuliza kuhusu uzamili wa mtandaoni wa Marekani. Huku michepuo miwili anayoiulizia dada imetenganishwa waziwazi. Wa ualimu mara nyingi hubeba masomo mazito ya kitabibu, yaani pathofiziolojia (jinsi ugonjwa unavyovuruga kazi za mwili), famakolojia (elimu ya dawa) na uchunguzi wa mwili kwa ngazi ya juu, kisha mitaala na upimaji. Wa utawala huweka mahali pake fedha, sheria na usimamizi wa watu. Mhadhiri atafurahi kusikia kwamba hata huku mwalimu haachiwi akae mbali na mwili wa mgonjwa. Baada ya masomo kuna vyeti vya ubobezi, CNE kwa walimu na NEA-BC kwa watendaji wa uuguzi, na waajiri huviheshimu.

Hata hivyo, kwa mtu aliyeko Tanzania, programu nyingi za namna hii hudai leseni ya uuguzi ya Marekani, ambayo haipatikani bila kufaulu mtihani wa NCLEX, pamoja na mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi anayekubalika na chuo. Ukikuta chuo cha mtandaoni kisichouliza lolote kati ya hayo, angalia kwanza kama kina ithibati ya shirika linalotambuliwa huku kwa kukagua programu za uuguzi, kama vile CCNE au ACEN, na kama hakina, funga ukurasa. Mshahara nao usiwadanganye: mwalimu wa uuguzi huku mara nyingi hulipwa chini ya yule mwenye uzamili anayetibu wagonjwa, na hiyo ni moja ya sababu za vyuo kukosa walimu.

Binti Singida

Shikamoo Mama Metroni, na ahsanteni nyote. Naona Chuo Kikuu Huria kinatoka katika orodha yangu, na uzamili wa sera na uongozi unasubiri. Zimebaki mbili: ukunga MUHAS au mchepuo wa Kigali. Mhadhiri, nikichukua ukunga, je, ndiyo nimeuaga uongozi?

Mhadhiri wa Ukunga

Hapana, dada. Tasnifu ndiyo nafasi yako. Hakuna anayekulazimisha kuandika juu ya dalili za ugonjwa. Unaweza kuchunguza jinsi wakunga wanavyopangwa zamu katika wodi za wazazi za mkoa wako na uhusiano wake na ujazaji wa fomu za uchungu. Utatoka na uzamili wa ukunga na hoja ya kiuongozi yenye takwimu ulizozikusanya mwenyewe. Anza mapema kuomba kibali cha maadili ya utafiti, kwa maana wanafunzi wengi huchelewa hapo kuliko darasani.

Metroni Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Hesabu ile ya saa 168 nimekuachia bure, itumie.

Afisa Utumishi

Nimesoma mjadala wote na sijaona aliyetaja mwajiri. Mtumishi wa umma anayekwenda masomoni anapaswa kuwa amethibitishwa kazini, jina lake liwe katika mpango wa mafunzo wa halmashauri, na awe na ruhusa ya maandishi ya Mkurugenzi Mtendaji. Anayeondoka kwa ruhusa ya mdomo anaweza kusimamishiwa mshahara akiwa muhula wa kwanza. Barua ya kuomba kuingizwa katika mpango ipelekwe kupitia kwa mganga mfawidhi kabla bajeti ya mwaka unaofuata haijafungwa, bila kusubiri barua ya udahili.

La pili linawahusu wanaofikiria uzamili wa uongozi ili wahamie ukatibu wa afya. Hiyo ni kada nyingine. Anayebadilishiwa kada mara nyingi huanzia cheo cha kuingilia cha kada mpya, hata kama alikuwa muuguzi wa daraja la juu. Dada akibaki na uzamili wa ukunga, anaendelea kupanda ndani ya muundo wa wauguzi, na barua yake itakuwa rahisi kutetewa mbele ya kamati, kwa kuwa fani anayoisomea ndiyo ya wodi anayoiongoza.