Spesa (vyuma vya kuweka nyuma ya rimu kuitoa nje) za milimita 15 ama rimu pana? NZE ya 2003, niko Nakuru

Baba_Twins_Nax: Wadau habari. Niko na Corolla NZE, rimu ni zake za 15, upana inchi 6, ET45 (ET ni milimita kutoka katikati ya rimu hadi uso wa kufungia, ikipungua rimu inatoka nje). Tairi za nyuma zimezama ndani kama macho ya mgonjwa, nataka zitoke kidogo. Fundi mmoja hapa mtaani anasema niweke spesa za 15 mambo yaishe, jirani naye anauza rimu za inchi 7, ET35, tundu nne kwa duara la milimita 100. Spesa ni bei ya soda ukilinganisha. Gari hupeleka watoto Njoro kila asubuhi, sitaki kisirani.

Jakom254: Hizo spesa ni za kuvalisha tu ama ziko na stadi zake (bolti za kushika rimu)? Kama ni bati la kuvalisha achana nazo. Stadi ya Toyota ni 12 kwa 1.5, yaani unene milimita 12 na uzi kila milimita 1.5, spesa ikimeza milimita 15 nati inabaki kushika uzi mbili tatu. Funga nati kwa mkono ukihesabu, mizunguko 8 ndio milimita 12, sawa na unene wa stadi yenyewe. Chini ya hapo unaendesha kwa maombi.

Baba_Twins_Nax: Ni za kuvalisha. Amesema akikaza na wili spana ya bomba haziwezi toka.

Mama_Probox: Haziwezi toka 😂 mimi niliwekewa hizo hizo, natoka Kisumu naenda Kakamega, kufika Kiboswa naskia ko-ko-ko nyuma kushoto nikadhani ni jiwe limeshikwa kwa tairi nikaendelea, ujinga wangu. Mbale nikasimama, nati mbili hazipo, stadi moja imekatika, tundu za rimu zimekuwa yai. Aliyenifungia hashiki simu mpaka wa leo.

Otis_K: Mi niko na za milimita 5 mbele miaka tatu na hazijanisumbua.

Jakom254: Na stadi za kawaida?

Otis_K: Hapana, niliweka ndefu.

Jakom254: Si ungesema hapo mwanzo sasa.

Fundi_Kondele: Sipingi spesa zote. Nzuri ni zile unafunga kwa habu (kitovu cha gurudumu) kwanza halafu rimu inafungwa kwa stadi za spesa, na tundu la katikati limechongwa milimita 54.1 zikae kwa habu ya Toyota bila kucheza. Lakini za 15 ziko na shida watu hawaambiwi, stadi za zamani zinachomoza nje ya spesa zinagonga mgongo wa rimu. Kama rimu haina vishimo hapo nyuma haikai flati, na wewe unajua umekaza. Ndio maana aina hiyo mi huanzia 20, ila hapo umefika ET25 na beringi itakulilia.

Rimu za jirani piga hesabu. Inchi iliyoongezeka inagawanyika, 12.7 nje 12.7 ndani, halafu ET inasukuma 10 nje. Ukingo wa nje unatoka karibu milimita 23, wa ndani unasogelea shoki chini ya 3. Shoki haina neno, cheki fenda. Vaa moja tu nyuma, paka chaki ukingo wa fenda, pakia watu watatu, pita matuta polepole.

Tundu la katikati likiwa 73.1 nunua ringi za kushusha mpaka 54.1, la sivyo gari itatetemeka ukishika mwendo. Na usirudishe nati zako za washa bapa kwa rimu yenye tundu la koni, hapo ndio wengi huumia. Kaza nati zinazotazamana kwa zamu, nguvu ya 103 Nm na spana ya kupima si bomba, urudie ukishatembea kama kilomita 80.

Baba_Twins_Nax: Nimejaribu leo, shemeji wawili na mama yao nyuma. Tuta la tatu krrr, chaki imefutika urefu wa kidole.

Fundi_Kondele: Tafuta inchi 6 na nusu ET40. Inatoka kama 11 tu.

Baba_Twins_Nax: Sawa mkuu. Jirani amenuna hata salamu hajibu.