Lakabu, kigeu au skripti: ipi inafungua kihariri kilekile kwenye bash, zsh na fish?

Mwanaujiji (Kigoma)
Habari zenu, ndugu. Ofisini kwetu tunatumia shell tatu, yaani programu zinazopokea amri tunazoandika: kuna kompyuta za Ubuntu zenye bash, Mac yenye zsh, ambayo Apple iliifanya chaguo-msingi tangu toleo la macOS Catalina mwaka 2019, na mwenzetu mmoja amezoea fish. Wote tunahariri kwa Neovim. Lakabu (jina fupi la amri) `alias e=nvim` inakubali tunapoiandika kwa mkono, lakini `git commit`, amri ya git ya kuhifadhi mabadiliko pamoja na ujumbe, kwenye Ubuntu bado inafungua kihariri kingine, nano. Naomba mnilinganishie lakabu, kigeu cha EDITOR (thamani yenye jina ambayo programu huisoma) na skripti ndogo. Ningependa njia isiyotulazimisha kurekebisha kila kompyuta siku tukibadili kihariri.

Mnyanyembe (Tabora)
Lakabu iondoe kabisa kwenye hesabu. Inajulikana tu na programu unayoiandikia amri wakati huo, ilhali git hukiita kihariri kupitia `sh`, ambayo kwenye Ubuntu ni shell nyingine iitwayo dash na haisomi `~/.bashrc`, faili la mipangilio yako ya bash. Hata bash yenyewe haifasiri lakabu ndani ya skripti, isipokuwa umeiagiza. Lakabu ni ya kupunguza kazi ya vidole, basi.

DadaMwanga (Kigoma)
Mimi natetea kigeu, kwa sababu ndicho ambacho programu nyingine hukitafuta. Git hutazama GIT_EDITOR, kisha mpangilio wa `core.editor`, kisha VISUAL, ndipo EDITOR. Kwa hiyo ukiweka EDITOR peke yake huku VISUAL ina thamani nyingine, utahangaika bure. Weka vyote viwili.

Tatizo ni mahali pa kuviandika. Bash unapoingia husoma `~/.profile`, lakini ikikuta `~/.bash_profile` husoma hiyo na kuiacha ile. Zsh haiigusi `~/.profile`, bali husoma `~/.zshenv` kila inapoanza, hata ikiwa inaendesha skripti. Fish ina `~/.config/fish/config.fish` na sarufi yake, `set -gx EDITOR nvim`. Jambo moja, faili tatu.

Mnyanyembe (Tabora)
Hapo ndipo skripti inapomshinda kila mmoja, dada. Unda `/usr/local/bin/hariri` yenye mistari miwili, kisha uipe ruhusa kwa `chmod +x`:

```
#!/bin/sh
exec nvim "$@"
```

Alama za nukuu kwenye `"$@"` usiziache hata kidogo, kwani bila hizo faili liitwalo "ripoti ya Juni.txt" litafunguliwa kama mafaili matatu. `exec` nayo hukiachia kihariri nafasi ya skripti, pasibaki mchakato wa ziada unaosubiri. Nimechagua folda hiyo badala ya `~/bin` kwa sababu sudo (amri ya kuendesha programu kwa mamlaka ya msimamizi) kwenye Ubuntu hutumia orodha yake ya folda za kutafutia programu, na `~/bin` haimo.

DadaMwanga (Kigoma)
Nakubali, ila tusimwambie Mwanaujiji kwamba skripti inatosha. Git haitajua jina `hariri` mpaka kigeu kiitaje, hivyo faili zile tatu bado ataziandika. Anachopata ni kuziandika mara moja tu: siku wakihamia kihariri cha dirisha kama VS Code, watabadili mstari mmoja wa skripti kwenye kila kompyuta uwe `exec code --wait "$@"`. Bila `--wait`, git itaona kazi imekwisha kabla ujumbe haujaandikwa.

Mwanaujiji (Kigoma)
Je, `update-alternatives --config editor`, amri ya kuchagua kihariri cha mfumo, haitoshi?

Mnyanyembe (Tabora)
Hiyo ni ya Debian na Ubuntu, haipo kwenye Mac, tena hubadilisha chaguo la kila anayetumia mashine hiyo. Kwenye seva ya pamoja si adabu kuigusa bila kuwauliza wenzako. Chukua skripti pamoja na vigeu. Ukimaliza, usijaribu ndani ya dirisha lililokuwa wazi tangu awali, maana zsh itakayozaliwa humo itarithi thamani iliyopo na kukuficha kosa. Jaribu hivi, ukiweka jina la shell unayoijaribu mahali pa `zsh`:

`env -i HOME="$HOME" zsh -c 'echo $EDITOR'`

Kwa bash tumia `bash -lc`, ili isome faili za kuingia. Ikijibu kwa mstari mtupu, faili uliyoandika siyo inayosomwa.