Naomba ushauri: mipira ya pool namba 4, 7 na 8 inanichanganya kwenye TV

Wakuu, habari za jioni. Kwenye pool ya mtaani sina shida: namba 4 ni zambarau, 7 damu ya mzee, 8 nyeusi. Nikikaa kwenye TV sasa, hii yangu ya kichogo, zote tatu naona nyeusi tu. Kwenye mchezo wa mipira tisa, ambao lazima uanze kugonga wenye namba ndogo kuliko yote uliobaki mezani, mtu anagonga 4 mimi napiga kelele "faulo!" peke yangu.

Mashindano mengine wanatumia 4 ya pinki na 7 ya kahawia, hapo nafuata vizuri. Zile rangi za zamani mnazitofautishaje? Niongeze mwangaza au rangi? TV mpya msinitajie, ada za shule zimeshanimaliza.