Nyuki mwenye ubongo mdogo kuliko punje ya simsim hujifunzaje?

Mwalimu, Kakamega (ameuliza)

Hamjambo wanajukwaa. Kwa wiki tatu nimekuwa nikiwawekea nyuki wangu maji ya sukari katika kibakuli cha buluu, saa nne asubuhi, chini ya mparachichi ulio kando ya mizinga. Jana nilichelewa, nami nikawakuta wakizunguka papo hapo kabla sijaleta chochote. Nilipoweka vibakuli viwili vipya na vitupu, kimoja cha buluu na kingine cheupe, wengi walitua kwenye cha buluu. Mwanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu akauliza: ikiwa mdudu huyu anakumbuka rangi, mahali na saa, ubongo wetu mkubwa una kazi gani? Jibu nililompa halikuniridhisha hata mimi.

Mstaafu wa maabara, Kisumu

Mwalimu, nyuki ana seli za neva zinazokaribia milioni 1, nasi tuna takriban bilioni 86, lakini kinachobadilika mnyama anapojifunza hasa ni nguvu ya viunganisho baina ya seli hizo. Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alilichunguza jambo hili kwa konokono wa baharini aitwaye Aplysia, mwenye seli za neva 20,000 hivi, baadhi yake kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho matupu. Ukimgusa polepole mrija wake wa kupitishia maji, hukunja matamvua anayopumulia; ukirudia bila kumdhuru, huzoea, kwa kuwa seli ya hisia humwagia seli ya neva inayoendesha msuli kemikali kidogo kuliko mwanzo. Akishtuliwa mkiani kwa umeme, serotonini, kemikali ya kupashana habari baina ya seli za neva, humiminika, na mguso uleule hafifu humfanya ajikunje kwa nguvu. Mshtuo mmoja hukumbukwa kwa dakika chache. Mishtuo inayorudiwa kwa vipindi hukumbukwa kwa siku nyingi, maana seli hutengeneza protini mpya na kuotesha viunganisho vipya. Misingi ya namna hiyo imeonekana kwa wadudu na kwa panya pia.

Kuhusu ukubwa, mwambie kijana amfikirie tembo. Ana seli za neva bilioni 257 hivi, mara tatu ya zetu, ila karibu zote zimo katika serebelamu, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo. Gamba la ubongo wake, yaani tabaka la nje linalohusika na kufikiri, lina bilioni 5.6 tu, letu lina kama bilioni 16. Kwa hiyo uliza kwanza seli ziko wapi, ndipo uulize ni ngapi.

Mkulima wa mahindi, Bungoma

Naongezea kwamba kila ubongo huzaliwa ukiwa na mielekeo yake. Mwaka 1966 John Garcia na Robert Koelling waliwapa panya maji matamu yaliyoambatana na mwanga na sauti. Waliougua tumbo baadaye waliukataa utamu, bali mwanga na sauti hawakuvijali. Waliopigwa na umeme waliogopa mwanga na sauti, utamu wakaendelea kuunywa. Nimeyaona ghalani mwangu: panya aliyeonja sumu kali akapona haigusi tena, ndiyo maana sumu zinazozuia damu kuganda, ambazo huua baada ya siku kadhaa, huwapata. Ugonjwa huja wakati ameshasahau alichokula.

Mwalimu, Kakamega

Nawashukuru sana, wazee wangu. Kesho saa nne tutakisogeza kibakuli cha buluu hatua kumi kutoka kwenye mparachichi na kukiacha cheupe mahali pa zamani, kisha kijana mwenyewe ahesabu nyuki wanaanza kutafuta wapi.