Karatasi za nyumbani na za duka zimenishinda, mnapangaje za kwenu?

MamaKhalfan_Ngamiani

Habari zenu wadau. Nina duka dogo la vifaa vya ujenzi hapa Tanga: misumari, rangi, mabomba, saruji kidogo kidogo. Nyumbani tupo saba pamoja na mama mkwe. Biashara naimudu. Kinachonishinda ni karatasi.

Mwezi uliopita tuliomba mkopo, benki ikataka mkataba wa mauziano wa kiwanja chetu cha Pongwe, tulichonunua 2014. Mimi nasema upo kwenye sanduku la vitenge. Baba Khalfan anasema aliuweka mwenyewe juu ya kabati, ndani ya rambo, rambo la enzi zile kabla hayajapigwa marufuku. Tumetafuta siku tisa. Tumepekua mpaka chini ya godoro la mama mkwe, naye akanuna akidhani tunamshuku. Siku ya kumi Khalfan, yuko darasa la tano, akaukuta kwenye albamu ya harusi nyuma ya picha ya keki. Nani aliuweka pale? Mpaka leo hakuna anayekubali. Na pembe moja imeliwa na mchwa, pembe ile ile yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Ikabidi niende kwa mwenyekiti kuanza kueleza upya, na mwenyekiti wa sasa siye wa wakati ule.

Mkopo tulipata, lakini bei ya nondo niliyokuwa naiwahi ilishapanda.

Nikanunua faili moja nene nikatia kila kitu humo: kadi za kliniki, leseni ya duka, vyeti vya kuzaliwa, risiti za jumla, ripoti za shule, karatasi za makadirio ya kodi. Sasa hilo faili limekuwa sanduku la vitenge la pili. Naomba anayejua njia rahisi ya mtu asiye na ofisi wala mhasibu anielekeze. Nilichonacho ni meza moja na kabati la mbao ambalo mlango wake haufungi vizuri.

Kijana_wa_Chumbageni

Dada, achana na makaratasi. Piga picha zote, tupia Google Drive, kwisha habari. Mimi sina faili hata moja na naishi.

MamaKhalfan_Ngamiani

Mdogo wangu, picha ninazo. Yule wa benki nilipomwonyesha kwenye simu alitabasamu, akasema mama lete yenye wino. Halafu wewe bado huna watoto wala kiwanja, subiri.

Kijana_wa_Chumbageni

Hahaha, hapo umenipata dada.

KaraniMstaafu

Mama Khalfan, pole kwa siku tisa. Nimekaa masjala ya halmashauri, pale panapotunzwa majalada, miaka 31. Nilistaafu 2016 na kidole gumba kilichopinda kwa sababu ya panchi, kwa hiyo nitasema ninachokijua, kijana atasema cha simu.

Wengi wanakosea kwa kupanga kwa sura ya karatasi. Risiti zinakaa na risiti, barua na barua, vyeti na vyeti. Machoni inapendeza. Lakini hakuna mtu atakayebisha hodi kwako akasema "naomba risiti". Atakuja mtu wa kodi, au wa benki, au utaitwa na mwalimu mkuu, au utafika dirishani hospitali. Panga kwa yule atakayekuja kuomba. Mkataba wa kiwanja, risiti za pango la ardhi, kopi ya ramani na hiyo barua ya mwenyekiti vikae jalada moja, ingawa kimoja ni risiti na kingine barua, kwa sababu anayekuomba huu atakuomba na ule. Leseni ya biashara na karatasi za TIN, ile namba ya mlipakodi, zina mwombaji wao. Kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kila mtoto na jalada lake, siku ya kuandikishwa shule unashika moja tu unaondoka.

Kwa nyumba yako naona majalada saba au manane. Usizidishe. Yakiwa mengi mtaanza kubishana karatasi hii ni ya wapi, na karatasi inayobishaniwa huishia juu ya friji.

Ndani ya jalada, toboa kwa panchi, funga kwa tagi, mpya juu, ya zamani chini. Sisi tuliandika namba kwa wino mwekundu kwenye kona ya juu kulia: 1, 2, 3, kila karatasi na namba yake, tukiita folio. Ukifungua ukakuta 14 halafu 16, unajua papo hapo kuna kitu kimetoka. Bila namba usingejua mpaka siku ya benki. Ila hati za asili usizitoboe hata moja. Mkataba, vyeti, hati, hizo tia kwenye bahasha ya kaki, toboa bahasha pembeni, funga bahasha ndani ya jalada, namba iandike juu ya bahasha.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililokupata. Watu wanadhani karatasi hupotea siku ya kuwekwa. Hupotea siku ya kutolewa. Mkataba wenu, nakuhakikishia, ulikuwa mahali pake mpaka mtu alipoutoa kwenda kutoa kopi, akarudi na njaa, akauweka alipokuwa amekaa. Masjala jalada halitoki mpaka limeandikwa limekwenda kwa nani na tarehe gani. Nilikuwa na mkuu wa idara mmoja aliyechukia sana kuandikwa, akiona kama namwita mwizi. Siku jalada la mgogoro wa mpaka lilipotakiwa mahakamani, yeye akaapa halijawahi kufika kwake. Nikafungua daftari nikamwonyesha sahihi yake. Lilikuwa kwenye buti ya gari, chini ya tairi la akiba.

Kwa hiyo kata kadibodi za boksi la sabuni, tano au sita, ukubwa wa karatasi. Ukitoa kitu, kadibodi inaingia mahali pale, imeandikwa: nini, nani kachukua, lini, kaenda nacho wapi. Mtu wa nyumbani asione aibu kuandika. Baba Khalfan naye aandike. Yeye hasa.

Nunua na kauntabuku moja. Ukurasa mmoja kwa kila jalada, namba ya karatasi na maneno manne matano: "Mkataba Pongwe, 2014, asili." Hiyo ndiyo utakayoisoma kabla ya kupekua godoro la mtu.

Mengine madogo. Tanga kuna chumvi hewani, pini za chuma na klipu zinashika kutu na kutu inakula karatasi, zitoe. Raba bendi inayeyuka kwa joto na kuganda kwenye maandishi, tumia uzi wa katani, uko kwenye mji wake. Vyeti usivilaminishe, kuna ofisi watakukatalia kwa sababu hawawezi kuugusa mhuri. Na kabati lisigusane na ukuta wala lisikae sakafuni. Weka matofali chini ya miguu yake, acha nafasi ya ngumi nyuma, chungulia huko kila mwezi. Mchwa hapendi kuonekana, anajenga kale kanjia kake ka udongo ukutani kwanza. Ukikaona, umemuwahi.

Mangi_wa_Hardware

Karani kamaliza. Naongezea la duka tu maana niko Moshi kwenye biashara hiyo hiyo.

Mama, risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, hazina wino. Ile karatasi ina dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, mashine inaichoma tu. Sasa joto lile lile la dukani na mwanga wa jua vinaiharibu, mafuta ya mikono pia. Nilikuwa nazitia kwenye mifuko ya plastiki ya faili nikijiona mtaalamu. Baada ya mwaka na kidogo nikafungua, nikakuta karatasi nyeupe kabisa kama zimetoka kiwandani. Kumbe baadhi ya plastiki zenyewe ndizo zinafuta maandishi. Manunuzi ya saruji ya miezi minne, sina ushahidi. Mhasibu wa kukodi alinitazama kama mtu aliyekula nauli.

Siku hizi jioni nikifunga hesabu, risiti za siku nazipanga kwenye kioo cha mashine ya kopi, tano sita kwa karatasi moja ya A4. Nina mashine kukuu. Kama huna, peleka steshenari Jumamosi za wiki nzima. Kopi haifutiki. Risiti yenyewe naishikiza nyuma ya kopi, naandika kwa kalamu tarehe na kiasi, hata kama ikifutika kuna mkono wangu.

Bahasha kumi na mbili za kaki, Januari mpaka Desemba. Mwezi ukiisha nafunga, naandika jumla juu, naingiza kwenye boksi faili la mwaka. Boksi lina mwaka kwa maka peni mgongoni. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka utunze kumbukumbu miaka 5, kwa hiyo rafu yangu ina maboksi ya miaka mitano na la mwaka huu. La saba likiingia, la chini kabisa linatoka. Ila kabla halijatoka hakikisha huna ubishi na mtu wa kodi kuhusu mwaka ule, ukiwa nao lisitoke.

Na makadirio yana awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kila risiti ya awamu ikae juu ya bahasha ya mwezi huo. Kodi ya jengo usiitafutie jalada, toka 2021 inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla.

Kijana_wa_Chumbageni

Mzee Karani, hilo la kadibodi nimelipenda. Sisi nyumbani pasipoti ya baba ilikaa miezi kwenye kasha la mchele.

MamaKhalfan_Ngamiani

Shikamoo mzee wangu Karani. Nimefanya Jumapili, duka nilifunga saa sita.

Nimenunua majalada manane ya kadibodi, panchi, tagi, kauntabuku na bahasha za kaki ishirini. Steshenari wakaniuliza kama nafungua shule. Tumemwaga kila kitu mkekani ukumbini, kila mtu akipewa rundo. Nilipouliza "hii nani atakuja kuiomba?" karibu nusu ya karatasi hazikuwa na mwombaji. Risiti za ada za mtoto aliyekwisha maliza, kadi za mchango wa harusi za watu walioachana, mwongozo wa redio ambayo hatuna tena. Khalfan ndiye aliyeandika namba nyekundu, mwandiko wake unasomeka kuliko wangu. Kabati lipo juu ya matofali sita ya dukani kwangu, nimejiuzia.

Kadibodi ya kwanza imeshatumika. Baba Khalfan kachukua kadi ya bima ya pikipiki jana asubuhi, kaandika "bima, mimi, leo". Nimemrudishia aandike tarehe.

Mangi, boksi la mwaka jana nimelifungua kama ulivyosema. Za Februari na Machi nyeupe. Nimelia kidogo, nimeanza na za mwaka huu.

Limebaki moja. Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na bahasha ya baba mkwe, marehemu. Alifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Kuna hati za mshahara zimekauka kama majani, na kadi ya NPF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi wa zamani, yenye namba yake. Hakuna anayekuja kuiomba hiyo. Baba Khalfan anasema tuichome, mama mkwe hajasema kitu, ila aliishika muda mrefu. Nifanyeje?

KaraniMstaafu

Marahaba mwanangu. Usichome. NPF ndiyo iliyogeuka NSSF mwaka 1997. Kwanza muulize mama, taratibu, kama mzee alilipwa mafao yake yote. Kama hajui, chukueni kopi ya kadi na cheti cha kifo mkaulize ofisini kwao, kuuliza hakuna gharama. Hati za mshahara zisikunjuliwe kwa nguvu, zitavunjika kwenye mikunjo. Zilaze juu ya karatasi nyeupe, bahasha kubwa, jalada la tisa, jina lake kamili juu. Nilisema manane, najua.

MamaKhalfan_Ngamiani

Nimemuuliza wakati tunamenya mihogo. Kacheka mpaka machozi. Anasema mzee alilipwa zote, tena alizichukua bila kumwambia, akarudi nyumbani anasukuma baiskeli mpya aina ya Phoenix kwa mguu kutoka mjini, kwa sababu alikuwa hajui kuiendesha.

Jalada la tisa limefunguliwa. Folio namba 1 ni kadi. Mama mkwe ameomba alishike yeye leo usiku, na kadibodi ameandikiwa na Khalfan: "Bibi, chumbani kwake."