Masomo ya dunia katika shule isiyo na intaneti

Mwalimu wa Kasulu: Ndugu walimu, shule yetu ina kompyuta tano na umeme wa jua, lakini haina intaneti, tutawafikishiaje wanafunzi masomo ya sayansi yanayofundishwa kwingineko duniani?

Jibu la 1: Ndugu, pakua ukiwa mjini Kolibri, programu ya kujifunzia bila intaneti ya shirika la Learning Equality, isiyolipiwa, pamoja na masomo yake, uviweke katika kompyuta moja iwe seva, yaani kompyuta inayohifadhi masomo na kuyagawa, na nyingine zisome kutoka kwake kwa mtandao wa ndani, bila kifurushi chochote. Yamo masomo ya Kiswahili pia.

Jibu la 2: Naongeza jambo ninaloliona zito zaidi: mafunzo ya walimu. Instant Network Schools, mpango ulioanzishwa na Vodafone Foundation na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, mwaka 2013, hupeleka vishikwambi kwa wakimbizi pamoja na mafunzo ya walimu; nanyi pia, tafadhali anzeni kwa kuwafunza walimu wenu.